Pua ya Tembo Chumbani kwa Pimbi

Hapo zamani za kale, siku zile Tembo alipokuwa bado anavaa kanzu na Kobe alikuwa anachelewa kwa makusudi tu, palikuwa na nyumba moja ndefu ya vyumba vya kupanga kando ya mto.

Sogeeni. Wewe mwenye muwa, tafuna polepole, sitaki kupiga kelele kushindana na meno yako.

Nyumba ile ilikuwa mali ya Tembo, Mzee Mwinshehe. Aliijenga mwenyewe kwa fito na udongo, akaipaka chokaa upande wa mbele ikang'aa, kisha akawapangisha wanyama wadogo wadogo. Chumba cha kwanza alikaa Kware na vifaranga wake. Cha katikati alikaa Kobe, mzee mpweke mpenda ugoro. Cha mwisho kabisa, kule nyuma, alikaa Pimbi mmoja aliyeitwa Kalunde, mama mwenye mtoto mmoja.

Pimbi mnamjua? Yule mdogo, mnene kidogo, asiye na mkia, anayeshinda juu ya mawe akiota jua. Wengi humdharau kwa udogo wake. Lakini ukoo wa pimbi na ukoo wa tembo ni ndugu wa mbali. Msicheke! Waulizeni wanaojua mambo ya wanyama. Na kwa sababu ya udugu huo, pimbi na tembo walikuwa watani.

Mtani ana ruhusa ya kukutania mpaka mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na mji mzima utakuimba. Tena siku ya shughuli yako, mtani anaweza kujilaza mlangoni akasema amekufa, na hapiti mtu mpaka umkomboe kwa kile anachokitaka. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao, na Tembo alikuwa akijisifu kwamba hakuna anayeijua desturi kama yeye.

Haya. Nyuma ya ukuta wa Kalunde, palepale ubavuni, ndipo lilipokuwa bafu la Tembo. Uzio wa matete, pipa la maji, dodoki moja kubwa na sabuni. Kila asubuhi na kila jioni Tembo alijaza mkonga maji, akajimwagia huku akiimba. Fwaaaa! Mgongoni. Fwaaaa! Tumboni. Fwaaaa! Nyuma ya masikio.

Maji yakateremka, yakatafuta mtaro wa kupitia, hayakuuona. Basi yakakaa chini ya ukuta wa Kalunde. Na ukuta wa udongo hauna adabu ya kukataa kinywaji. Ukanywa, ukanywa, ukanywa.

Kwanza likatokea doa dogo kama punje ya choroko. Kalunde akalifuta kwa kitambaa. Likarudi na ndugu zake. Mara pembe nzima ya chumba ikawa ya kijani, kisha nyeusi, kisha ikaota manyoya. Ilikuwa kuvu, ule ukungu wa ukutani unaonuka kama unga uliosahauliwa kwenye gunia bichi. Mkeka ukaota kuvu. Viatu vikaota kuvu. Hata mwiko wa ugali ukaota kuvu.

Hayo yote Kalunde angeyavumilia. Alichoshindwa kuvumilia ni kifua cha mwanawe, Shija. Mtoto alikuwa akikohoa, kho! kho! kho! mpaka machozi yanamtoka, na akilala kifua kinapiga mluzi. Kalunde alikuwa akimwekea sikio kifuani, akisikiliza ule mluzi, na moyo wake unauma.

Akaenda kwa mwenye nyumba.

"Hodi, Mzee Mwinshehe!"

"Karibu, mtani! Umekuja kuniibia nini leo?"

"Leo sina utani. Ukuta wangu umelowa, umeota kuvu, na mtoto anaumwa kifua. Maji ya bafu lako yanakaa chini ya ukuta. Chimba mtaro, mzee wangu, yaende zake mtoni."

Tembo akapiga masikio, pwa! pwa!

"Maji yangu? Ala! Hiyo kuvu ni yako, mama. Nani anapika maharage humo ndani? Wewe. Nani anaanika nepi humo ndani? Wewe. Mvuke unapanda, unashika ukuta, ukuta unaota manyoya. Mimi nilikupa chumba kikavu, wewe umekigeuza chungu!"

"Basi njoo unuse mwenyewe. Ingiza pua tu."

Hapo Tembo akaanza kuvuta kamasi. "Nfff! Ningekuja, mtani. Lakini si unaona? Nina mafua."

Jamani, mafua ya Tembo! Mihogo ikichomwa ng'ambo ya mto, anaisikia harufu yake na anafika kabla haijaiva. Lakini mtajie chumba cha Kalunde: nfff, mafua. Nawajua wakubwa wengi wenye mafua ya namna hiyo, majina nayameza.

Alichofanya Tembo ni kutuma chokaa. Ukuta ukapakwa, ukapendeza. Kuvu ikanyamaza kidogo chini ya chokaa, ikijikusanya. Kisha ikachungulia. Kisha ikatoka yote, na safari hii ilikuwa nene kuliko mwanzo.

Kalunde akamfuata Tembo barazani. Kobe alikuwepo, Kware alikuwepo na vifaranga wake.

"Mzee, kuvu imerudi."

Tembo akasimama, baraza lote likawa na kivuli.

"Nimepaka chokaa! Kazi ya mwenye nyumba imekwisha. Tena sikiliza, na ninyi nyote sikilizeni: kile chumba ni kizuri kuliko vyote hapa. Kingekuwa na mlango wa kunitosha, ningelala humo mwenyewe! Asiyekitaka, njia ni nyeupe. Masika hayo yanakuja. Tutaona atayapokea akiwa wapi."

Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba. Kware akajifanya anahesabu watoto.

Kalunde akaondoka. Alijua maana ya maneno yale. Mapango yote mazuri kule kwenye mawe ya juu yalikwisha kujaa, na masika kwa mtoto mwenye kifua kibovu, nje, si jambo la kulijaribu. Akalia kidogo njiani, siwafichi. Kisha akajifuta uso, akaketi juu ya jiwe lake la kuotea jua, akaanza kufikiri.

"Amekisifu mbele ya watu," akasema peke yake. "Sawa. Basi atakisifu tena, mbele ya watu ambao akiwadanganya ataumbuka."

Na watu hao walikuwa njiani. Binti yake Tembo, Siwema, alikuwa anaposwa na tembo wa upande wa juu wa mto. Siku ya posa ilipofika, uwanja ukafagiwa, mikeka ikatandikwa, masufuria yakaanza kuchemka. Tembo alikuwa ndani ya kanzu nyeupe pepepe, anazunguka jikoni, mkonga juu.

"Sssf! Ongezeni bizari! Sssf! Iliki imezidi kwenye sufuria lile! Sssf! Nani ameunguza vitunguu?"

Kalunde akasikia, akatabasamu. "Alhamdulillahi, mafua yamepona."

Wageni wakafika, tembo watupu, wamejipanga mstari mrefu. Aliyetangulia alikuwa shangazi yake mwoaji, Bi Mwanakombo, mwenye meno mafupi na ulimi mrefu. Wakavuka uwanja kwa vigelegele. Wakafika mlango wa ua. Wakasimama.

Mlangoni palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka palikuwa na kitu kidogo kimefunikwa shuka jeupe kutoka kichwani hadi miguuni.

"Hiki nini?" akauliza Bi Mwanakombo.

"Nimekufa," kitu kikajibu.

Kobe akatoa kichwa. "Ni mtani wa mwenye nyumba, mama. Amekufa mlangoni."

Bi Mwanakombo akacheka mpaka masikio yakatikisika. "Aha! Basi akombolewe. Mimi siruki mtani, nisije nikamwoza mwanangu na mkosi. Mkwe! Njoo umkomboe maiti wako, miguu inatuuma!"

Tembo akaja mbio, anacheka kicheko cha mtu mwenye haraka.

"Haya, mtani, haya! Leteni chane la ndizi!"

Ndizi zikaletwa. Shuka likasogea kidogo, jicho moja likatokea.

"Maiti hali ndizi. Na hizi zenyewe zimeiva upande mmoja, kama akili ya mwenyewe."

Wageni wakaangua kicheko. Tembo akacheka pia, angefanyaje?

"Leteni sinia la pilau!"

Pilau ikaletwa, inafuka moshi. Chini ya shuka pua ikatetemeka. "Maiti..." sauti ikasema, kisha ikameza mate. "Maiti atakula baadaye. Wekeni hapo, pembeni, mfunike na sahani."

"Leteni basi nguo, doti mpya!"

"Ya nini? Nikiiweka chumbani kwangu kesho itakuwa imeota kuvu."

"Imeota nini?" Bi Mwanakombo akasimamisha masikio yote mawili.

"Utani tu huo!" akasema Tembo upesi. "Utani! Mtani, sema unachotaka, wakwe zangu wanaungua jua!"

Kalunde akaketi. Shuka likamwangukia mabegani.

"Nataka pua yako."

"Pua yangu?"

"Ulisema mbele ya Kobe na Kware kwamba chumba changu ni kizuri kuliko vyote, na kwamba mlango ungekutosha ungelala humo mwenyewe. Mwili haukutoshi, najua. Lakini pua inapita. Basi ingiza pua, uvute harufu, uwaambie wageni wako kina harufu gani. Ukisema, nafufuka, wanapita."

"Mimi ningependa, lakini nfff, nina maf..."

"Mafua?" akadakia Bi Mwanakombo. "Si wewe tuliyekusikia ukipiga kelele tukiwa bado mbali, kwamba unasikia harufu ya iliki na kwamba imezidi?"

Tembo akafikiri. Na Tembo akifikiri, mnaona kabisa, kope zinashuka moja baada ya nyingine.

"Nitabana pumzi," akajisemea moyoni. "Naingiza pua, naitoa, nasema asumini. Nani atajua?"

Akacheka kwa sauti. "Hilo tu? Twendeni!"

Msafara wote ukazunguka nyuma ya nyumba. Kalunde akatangulia mbio, pururuuu, akaingia chumbani, akashusha pazia. Shija hakuwemo, tangu asubuhi alikuwa juani kwa Kobe, juu ya mkeka, amefunikwa vizuri. Tembo akasimama mlangoni, akavuta pumzi ya nje kwa nguvu zake zote. Fuuuuup! Mashavu yakavimba kama vibuyu. Akabana. Akaingiza mkonga polepole, ukapita pazia, ukafika katikati ya chumba.

"Mamaaa!" Kalunde akapiga ukelele kutoka ndani. "Jamani, njooni muone! Pua ya mwanamume inaingia chumbani kwa mwanamke bila hodi!"

Wageni wakashtuka. Bi Mwanakombo akaweka mkonga kifuani.

"Mkwe! Hata hodi? Ndivyo mnavyoingia vyumbani kwa watu huku kwenu?"

Tembo akatoa jasho. Akaachia pumzi kidogo, kiasi cha neno moja tu.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Kalunde alikuwa ameketi juu ya kinu, anatazama kucha zake.

"Hodi, jamani!"

"Karibuuuu! Kumbe ni mwenye nyumba! Shikamoo, mzee wangu!"

Mtaniuliza, kwani Tembo hana mdomo wa kupumulia? Anao. Lakini Tembo akisema, upepo wote hupitia puani, ndiyo maana sauti yake ni tarumbeta. Kila neno lilikuwa linakula pumzi aliyoiweka akiba. Na shikamoo haiachwi hewani, hasa wakwe wakiwa wamesimama nyuma yako.

"Mara... haba."

"Za tangu asubuhi?"

"Nzuri."

"Mama watoto hajambo?"

"Hajambo."

"Binti yetu Siwema?"

"Ha... jambo."

"Na ule ukucha wa mguu wa nyuma uliokuwa unakuuma?"

"Umepo... umepona."

Uso wa Tembo ukawa na rangi ya zambarau. Kobe alikuja kusema baadaye kwamba aliona hata mkia unahema.

"Na shamba la mihogo, mzee wangu? Nguruwe hawajaingia?"

"Hawa... hawa... hawaja..."

Ikamwishia. Na Tembo akiishiwa pumzi huku mkonga uko ndani, pumzi mpya itatoka wapi?

FUUUUUUUUUP!

Akavuta chumba kizima. Kuvu ya kijani ikapanda. Kuvu nyeusi ikapanda. Manyoya ya ukutani, vumbi la mkeka, uvundo wa viatu, vyote vikaingia katika ule mkonga mrefu, vikapanda, vikapanda, vikafika kule juu kati ya macho mawili.

Tembo akatoa macho.

"Haaa..." Kalunde akaruka nyuma ya kinu.

"Haaaaa..." Kware akawafunika watoto kwa mbawa.

"HAAAAA... CHAFYAAAAAAA!"

Pazia likaruka. Sufuria likaruka. Kitu kilichokuwa kimebanwa dirishani kikatoka pwaaa! kikaenda zake. Na ule ukuta wa nyuma, uliokuwa umelewa maji mpaka ukawa laini kama ugali, ukayumba, ukapinda, ukalala chini. Bwaaata!

Kisha vumbi lote la kuvu likarudi mlangoni, likamfunika mwenye chafya. Kanzu nyeupe pepepe ikawa ya kijani na nyeusi. Na kidogo kikamwangukia Bi Mwanakombo kilembani.

Vumbi likatulia. Palipokuwa na ukuta sasa palikuwa na tundu kubwa, na ng'ambo ya tundu kila mtu akaliona bafu la Tembo: pipa, dodoki, sabuni, na dimbwi pana lililojaa maji ya povu, limekaa pale lilipokuwa limeegemea chumba cha Kalunde. Ndani ya dimbwi vyura walikuwa wamejaa tele. Wakawatazama wageni kwa hasira.

"Kroo! Rudisheni ukuta!" akasema mkubwa wao. "Upepo unaingia!"

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanakombo akajipangusa kichwa taratibu, akageuka.

"Mkwe. Maiti alikuuliza swali. Chumba kina harufu gani?"

Tembo akatandaza masikio. Akainua mguu mmoja wa mbele. Hasira zilimpanda, mishipa ikasimama, na Kalunde nyuma ya kinu akajiona mdogo kuliko alivyowahi kujiona.

"Akikasirika tunamwimba," akasema Kobe, kwa sauti ya chini, kama anayejisemea.

Mguu ukakaa hewani. Na wakati ule ule, kutoka kwenye mkeka wa Kobe, ikasikika: kho! kho! kho! Kifua kikapiga mluzi. Tembo alikuwa amekisikia kikohozi hicho mara nyingi kupitia ukutani, akikizima kwa kuimba. Sasa hapakuwa na ukuta, wala wimbo, na kila mtu alikuwa anamtazama. Aliona haya. Nasema kweli, aliona haya mpaka ncha ya mkonga.

Akashusha mguu.

"Kina harufu ya bafu langu," akasema.

Bi Mwanakombo akamsogelea.

"Sisi tumekuja kumchukua binti yako akawe mama wa watoto kwetu," akasema. "Nataka kujua kitu kimoja. Amelelewa kumsikia mtoto akikohoa, au amelelewa kuwa na mafua?"

Tembo alikunja kanzu, akaifunga kiunoni, akaingia bafuni mbele ya wakwe zake, akapiga magoti matopeni. Akachimba kwa meno yake yale marefu. Kru! Kru! Kru! Udongo ukaruka huku na huku. Mtaro ukatoka bafuni, ukapita nje ya uzio, ukateremka hadi mtoni. Dimbwi likatikisika, likapata njia, likaondoka chururururu, na vyura juu yake wakilalamika kwamba hawakupewa hata taarifa.

Kalunde alikuwa anacheza! Mikono juu, kiuno kinazunguka, "Ohoo! Nani mwenye kuvu? Ohoo! Nani mwenye kuvu?" Kware anampigia makofi.

Hapo ndipo Kobe alipokuja, polepole, anaburuta kitu.

"Samahanini," akasema. "Hili limeniangukia kichwani wakati wa chafya. Ni la nani?"

Lilikuwa blanketi kuukuu, limekunjwa na kubanwa mpaka limekuwa donge. Lilikuwa limelowa. Juu yake vilikuwa vimeota viuyoga, vya kweli kabisa, na vikofia vyake.

Kalunde akaacha kucheza, kiuno kikabaki upande.

"Lilikuwa wapi?" akauliza Bi Mwanakombo.

"Lilitokea dirishani kwa mama Shija."

"Ulikuwa umeziba dirisha?"

"Baridi, shangazi," akasema Kalunde kwa sauti ndogo. "Sisi pimbi na baridi hatuivi chungu kimoja. Nilisema nimkinge mtoto."

"Na maharage unapikia wapi?"

"Ndani."

"Na nepi?"

"...Ndani."

Kichwa cha Tembo kikaibuka mtaroni, kimejaa tope, kinacheka. "Prrruuuu! Mtani! Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia," akasema Kalunde. Alikuwa anatazama lile blanketi na vile viuyoga, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka. Blanketi alilolibana kwa mikono yake ili mwanawe apone ndilo lililokuwa likiufungia ule uvundo ndani. "Hilo ulisema kweli. Uongo wako ulikuwa kusema kwamba ni hilo tu."

Tembo akaacha kucheka. Akatikisa kichwa, tope likadondoka. "Kweli," akasema.

"Basi," akasema Bi Mwanakombo, "wewe uliye matopeni, ukuta utajenga upya, na mtaro utauzibua kila ukizibika. Na wewe uliyekufa mlangoni, dirisha utafungua kila jua likichomoza, na maharage na nepi vitoke nje. Mmesikia? Haya, mimi nina njaa, na ile pilau ina iliki nyingi kweli, naisikia hapa."

Wakaanza kuondoka. Ghafla, pu! Kalunde kajilaza tena, kavuta shuka usoni.

"Nimekufa!"

"Mtani!" Tembo akapiga kelele. "Sasa nini tena?"

"Maiti hana ukuta. Anataka ghala lako la mahindi, lile kavu, alale yeye na mwanawe mpaka ukuta mpya ujengwe na ukauke."

"Chukua ghala! Chukua! Lakini usife tena leo, nakuomba!"

Maiti akafufuka, akaenda moja kwa moja pale lilipofunikwa sinia lake la pilau.

Posa ilikubaliwa. Ukuta ulijengwa, juu ya msingi wa mawe safari hii, na ulikauka kabla ya masika. Mvua zikaja, zikapiga, zikateremka mtaroni, zikaenda zake. Na alasiri moja Shija alikuwa amelala chumbani, dirisha liko wazi, jua limekaa mguuni pake. Kalunde akainama, akamwekea sikio kifuani kama alivyozoea. Akasikiliza mluzi. Akasikiliza tena. Alisikia moyo wa mtoto tu, du, du, du, na pumzi inaingia na kutoka bila kugusa kitu. Akabaki ameinama vile vile, anacheka na kulia kwa pamoja.

Mara mkonga ukajitokeza dirishani, ukasimama nje kwa adabu.

"Hodi!"

"Karibu, mtani! Mtaro?"

"Unapita! Dirisha?"

"Si unaona liko wazi?"

"Naona. Sssf! Na huko nje, mtani, maharage yako yanaungua."

Basi, wanangu: nyumba ikiota kuvu, mwenye nyumba na mpangaji, kila mmoja aanze kunusa upande wake.

Yangu nimeyamaliza. Nyanyukeni, na anayelala karibu na dirisha alifungue.